Namna ya kuifanya bendi ya lebo ndogo iandikwe na magazeti ya hapa hapa, bila kiki na bila bahasha

Mimi nasimamia lebo ndogo hapa Dar, ndogo kweli yani, ofisi ni chumba cha nyuma kwa dada yangu. Tuna bendi tatu: moja ya dansi ya watu saba, kikundi cha vijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, na kina mama wa taarab ambao wakinuna hata mazoezi yanahairishwa. Miaka miwili ya kwanza hatukuandikwa popote. Ngoma zilikuwepo, tena nzuri tu, ila nilichokuwa nafanya ni kutuma linki kwa kila mwandishi ninayebahatisha namba yake na chini naandika "naomba sapoti kaka", halafu nakaa kusubiri. Kimya. Siku hizi mwaka hauishi hatujatoka kwenye gazeti mara sita saba hivi, redio za mikoani ndio usiseme, na sijawahi kulipia stori hata moja. Naeleza tunavyofanya. Kama uko Nairobi au Mombasa majina ya vyombo yatabadilika, mchezo ni ule ule.

HATUA YA 1: Tafuta stori, ngoma kali sio stori

Hii ndio ilinichukua muda mrefu kuielewa kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwandishi wa burudani anatumiwa ngoma mpya kila siku, zote "kali", zote "zinakuja kubadilisha gemu". Akiingia kwenye kikao cha asubuhi mhariri anamuuliza swali moja tu, stori ni nini hapo? Na "bendi fulani imeachia wimbo" halijibu hilo swali, labda bendi iwe ya mtu ambaye hata akikohoa inakuwa habari. Sasa kazi yako wewe mwenye lebo ni kumpa jibu la lile swali kabla hajaulizwa.

Kaa na bendi yako jioni moja bila vyombo, uwaulize maswali kama mtu asiyewajua kabisa. Sisi tulikaa na wale wa dansi, soda na mihogo, na mpiga besi wetu ambaye ni mzee wa miaka 63 akasema kama utani kwamba yeye mchana ni fundi viatu Tandika, ana kibanda chake, na zile siku anakuja mazoezini vidole vina rangi nyeusi sio grisi ya gari ni kiwi. Anapiga besi tangu kijana, bendi zimekufa mikononi mwake nne, na hajawahi kuwa na albamu yenye jina lake nyuma ya kasha. Nimefanya kazi na huyu mzee mwaka mzima na nilikuwa sijui! Stori ilipotoka ilikula karibu ukurasa mzima, picha kubwa yuko kibandani na sindano ya kushonea, na wimbo wetu ukatajwa aya ya tano huko. Mwimbaji alinuna wiki nzima. Ila Jumamosi ile kwenye shoo watu walikuja mlangoni wanauliza "fundi ndio yupi?"

Na hii haijaanza leo. Bendi za dansi za Dar, Msondo, ambayo ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Sikinde, yani Mlimani Park iliyoanza 1978, watu walikuwa wanazifuata kwa ngoma ndio lakini na kwa upinzani pia, nani kahama, nani kamjibu nani, nani karudi kwa aibu. Mwimbaji akihama ilikuwa inasomwa kama usajili wa Simba na Yanga. Kuhama, kurudi, kutimiza miaka kadhaa, kufufua wimbo wa mwenzenu aliyefariki, kuibiwa vyombo na kuanza upya, mama na mtoto kwenye bendi moja, hizo zote ni stori na bendi nyingi zinazo ila zinaona ni mambo ya nyumbani.

Angalia singeli pia. Studio ya Sisso iko Mburahati, uswahilini kabisa, na mwaka 2017 lebo ya Kampala inaitwa Nyege Nyege Tapes ikatoa mkusanyiko wa ngoma za pale. Waandishi wa Ulaya walivyoanza kuandika singeli walishika mtaa, walishika vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, walishika spidi, mapigo 200 na kwenda mbele kwa dakika moja, vitu ambavyo sisi tunavipita kila siku na hatuoni ajabu. Kwahiyo vijana wangu wa singeli nikawaambia, msinipe maneno ya "sanaa yetu imevuka mipaka", nipeni lile balaa la umeme kukatika katikati ya kigodoro mkamalizia kwa spika ya bajaji. Hiyo ilitoka redioni siku mbili mfululizo.

Kuhusu kiki za uongo, kwamba fulani anatoka na fulani, sitaki kuhubiri. Inafanya kazi wiki moja. Halafu wiki inayofuata unatakiwa uwe na nyingine, na bendi ya watu saba wenye wake zao utaachanisha wangapi.

HATUA YA 2: Mjue anayeandika

Usitume kwa "Mhariri, gazeti fulani". Nunua magazeti wiki mbili, yale yanayogusa burudani, Mwananchi, Mwanaspoti, Nipashe, HabariLeo, kama uko Unguja ongeza Zanzibar Leo, kama uko Kenya Taifa Leo, na uandike kwenye daftari majina yaliyo juu ya kila stori ya muziki. Baada ya wiki mbili utaona majina ni yale yale kumi tu. Huyu anapenda muziki wa zamani, yule anapenda mambo ya mirabaha na mikataba, yule mwingine anaandika mastaa tu na hatakuhitaji, mfute.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Waandishi wengi wanaojaza kurasa, hasa wa mikoani, hawana ajira ya mshahara, ni makorespondenti wanaolipwa kwa stori iliyotoka. Stori isipotoka hajala. Kwahiyo ukimpelekea kitu kilichokamilika, chenye mtu wa kuhojiwa, picha na tarehe, na wewe umemsaidia, usijione ombaomba. Ila ukimpelekea linki tupu umemwongezea kazi ya bure. Wengi utawapata kupitia klabu za waandishi, karibu kila mkoa una klabu yake iliyo chini ya UTPC, yani muungano wa klabu hizo, unaenda pale unauliza nani anaandikaga burudani na utamaduni, unapewa jina na namba.

HATUA YA 3: Andika taarifa fupi

Prisi rilizi yetu ya kwanza, ninayo mpaka leo na nikiisoma najificha, ilianza hivi:

"LEBO INAYOKUJA KWA KASI NCHINI INAYO FURAHA KUBWA KUUTANGAZIA UMMA WA WATANZANIA UJIO MPYA NA WA KIPEKEE WA BENDI YAKE MAHIRI..."

Maneno yote hayo na hujui nani, nini, wapi, lini. Ya juzi ilianza hivi:

"Fundi viatu wa Tandika mwenye miaka 63, ambaye amepiga besi kwenye bendi nne bila kurekodi albamu, atazindua albamu yake ya kwanza Jumamosi ya tarehe 14 saa 2 usiku Kinondoni akiwa na bendi ya watu saba. Kiingilio ni sh 5,000."

Sentensi mbili tu na mhariri ameshaelewa, akitaka kukata akate huku chini. Chini yake weka aya tatu au nne: bendi ilianzaje, albamu ina nyimbo ngapi na imerekodiwa wapi, nukuu moja ya mzee mwenyewe kwa maneno yake, sio yale ya "tunawashukuru mashabiki wetu wote". Mwisho namba ya simu ambayo itapokelewa. Ukurasa mmoja inatosha, maneno 300 hivi. Iweke ndani ya ujumbe wenyewe wa barua pepe, sio PDF yenye nembo na rangi, maana mwandishi anataka kukopi na kupesti na yuko kwenye daladala anatumia simu.

Rudia kusoma majina. Majina! Mpiga kinanda wetu jina lake lina "h" na tuliisahau sisi wenyewe, gazeti likakopi kosa letu, mama yake akapiga simu kutoka Lindi.

Ukiwa na hela kidogo ya kufanya kitu cha kushika mkononi fanya. Ketebul Music ya Nairobi, lebo ya Tabu Osusa, walipotoa kazi yao ya historia ya benga, ule muziki wa gitaa wa Kenya, mwaka 2008 hawakutoa CD peke yake, waliweka na DVD na kijitabu ndani, mwandishi akifungua anakuta historia yote iko pale. Sisi hatuna hela hiyo, tulichapisha karatasi mbili mbele na nyuma, nani ni nani kwenye bendi na anatoka wapi. Inasaidia sana.

HATUA YA 4: Picha

Nusu ya stori ndogo zinatoka kwasababu ya picha. Ukurasa una shimo, msanifu kurasa anatafuta picha ya kuziba, yako ikiwepo na ni safi umeingia.

Piga mbili za kulala na mbili za kusimama. Mwanga wa asubuhi au wa saa kumi jioni, watu wanaonekana sura, hamna miwani ya jua wote saba kama walinzi wa mheshimiwa. Moja wapo wakiwa kazini au mtaani kwao. Usiandike jina la lebo katikati ya picha, hakuna gazeti litatoa picha yenye maandishi yako. Ukubwa usipungue pikseli 2000 upande mrefu, na ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ikifika kwenye karatasi inakuwa ukungu.

Na faili lipe jina. Sisi kuna siku tulituma picha ikiwa imeandikwa IMG na namba tu, mwandishi siku hiyo amepokea picha za bendi tatu, kesho yake gazeti limetoka stori yetu na picha ya bendi nyingine, wale wengine wakapigiwa simu za pongezi na sisi tukabaki tunaangaliana. Sikumlaumu mtu. Tangu hapo jina la faili ni jina la bendi, tarehe, na majina ya waliopo kutoka kushoto, na maelezo hayo hayo nayarudia ndani ya ujumbe, pamoja na jina la mpiga picha, maana naye anastahili.

HATUA YA 5: Panga muda

Kosa letu kubwa jingine, shoo Jumamosi, taarifa tumetuma Ijumaa jioni. Ikatoka Jumatatu, imeandikwa "itafanyika Jumamosi", watu wakaanza kuuliza ni Jumamosi ijayo?

Makala ndefu mpe mwandishi wiki tatu. Kurasa za burudani za mwisho wa wiki siku kumi. Habari fupi siku tatu nne. Kisha angalia kalenda ya nchi. Wiki ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, usijisumbue, hata wa burudani anahamishiwa uwanjani. Juni wakati wa bajeti na kipindi cha uchaguzi kurasa zinaminywa. Mwezi wa Ramadhani bendi nyingi zinapumzika, ila hapo ndio utengeneze stori ya Iddi mapema, maana Iddi Mosi kila mtu anatafuta pa kwenda na magazeti yanataka kuwaambia waende wapi. Kina mama wetu wa taarab stori zao tatu kubwa zote zimetoka wiki ya Iddi.

HATUA YA 6: Tuma na upige simu mara moja

Ujumbe wangu huwa kama huu:

"Habari za asubuhi kaka. Mimi ndio meneja wa ile bendi ya dansi ya Kinondoni. Ile makala yako ya wapiga ngoma Jumapili niliisoma yote. Nina mzee fundi viatu Tandika, miaka 63, anazindua albamu yake ya kwanza tarehe 14. Anapatikana kibandani kila siku kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Taarifa na picha nimekuwekea kwenye barua pepe. Ukipata nafasi nikupeleke?"

Kama kweli umeisoma makala yake iseme, kama hujaisoma usiseme, wanajua. Mhariri mtu mzima anza na shikamoo, usimwite bro. Baada ya siku mbili piga simu mara moja, asubuhi ya saa 4 mpaka saa 6, alasiri anakimbizana na dedilaini atakuchukia bure. Akisema hapana mwambie asante, utamtafuta na nyingine. Usimtumie mwandishi mwingine wa gazeti lile lile kwa siri, wanakaa meza moja.

Akija kuhoji chagua wasemaji wawili. Bendi ya watu saba wote wakiongea mwandishi anaondoka na kelele. Na usiombe kusoma stori kabla haijatoka, omba tu uthibitishe majina na tarehe kwa simu, hilo hatakunyima.

HATUA YA 7: Bahasha

Yani hela ya kumpa mwandishi ili akuandike. Utakutana nayo. Ukiita waandishi kwenye uzinduzi mwisho wa kazi kuna mtu atabaki nyuma nyuma, atasema "meneja, na sisi tunaondokaje?" Wengine wanaita nauli, wengine mshiko, wengine hawasemi wanakaa tu.

Msimamo wangu ni huu na unaweza kuukataa. Maadili ya Baraza la Habari, yani MCT, yanakataza mwandishi kupokea chochote ili aandike, kwahiyo ukitoa unamuingiza mwenzako matatani na wewe unanunua kitu hafifu, stori ya bahasha inajulikana, ina majina ya wadhamini aya ya pili. Na ukishaanza huachi, ukiwa huna siku hiyo huandikwi. Lakini pia najua korespondenti katoka Mbagala kwa nauli yake na kalipwa kwa stori. Tunachofanya, hatuiti mkutano wa waandishi hotelini kabisa. Tunaenda walipo wao au tunamuita mmoja mmoja aje mazoezini ambako kuna kitu cha kuona. Chai na chapati zipo, zinaliwa na wote, mpiga ngoma na mwandishi, na hamna kitu kinapita chini ya meza. Nimekosa stori kwasababu ya hili, mbili nazikumbuka vizuri. Kama una hela na unataka nafasi ya uhakika nenda dirisha la matangazo ununue tangazo, na juu yake iandikwe kwamba ni tangazo.

Redioni kuna ndugu yake, ile ya kulipia ngoma ichezwe. Hapo nakwepa kwa njia ya hatua inayofuata.

HATUA YA 8: Redio ndogo kwanza

Kila mtu anakimbilia redio kubwa za Dar na kupanga foleni. Sisi tunaanza na walikozaliwa wanabendi. Mpiga tumba wetu anatoka Pangani, tukaandikia Pangani FM, redio ya jamii, mtoto wao yuko kwenye bendi mjini, wakampigia simu wakaongea nae nusu saa kwa mambo ya kwao, uvuvi, shule aliyosoma, na nyimbo tatu zikapigwa bila hata shilingi. Micheweni kule Pemba, Sengerema FM kule Kanda ya Ziwa, zote ni redio za jamii na zinataka sauti za watu wao. Tuma MP3 ya kiwango cha juu au WAV, jina la wimbo na la bendi viwe ndani ya faili, na kama wimbo una neno kali tuma toleo safi moja kwa moja. Usajili wa BASATA, yani Baraza la Sanaa, na wa COSOTA, wale wa hakimiliki, uwe umekamilika kabla hujaanza kelele zote hizi, maana ukiulizwa hewani na huna unaaibika wewe.

Halafu kitu kizuri, mwandishi wa gazeti Dar ukimwambia "Pangani wameongea nae nusu saa nzima hewani" masikio yanasimama.

HATUA YA 9: Wakikosea

Jina limekosewa, tarehe imekosewa, mpigie mwandishi kwa upole siku ile ile, omba isahihishwe mtandaoni haraka na kwenye karatasi kesho yake. Ikiwa ni uzushi wa kuharibu jina la mtu andika barua kwa mhariri, ukikwama peleka malalamiko MCT, wanasuluhisha bila kwenda mahakamani. Mimi sijafika huko. Na usiende kumtukana mtu mtandaoni na bendi nzima nyuma yako, kesho utamhitaji.

Wakiponda albamu kwa haki, nyamaza. Kuna aliyeandika kwamba nyimbo zetu ni ndefu mno. Ni ndefu kweli.

HATUA YA 10: Nunua nakala mbili

Asubuhi stori ikitoka nunua magazeti mawili kabla hayajaisha, usitegemee skrinshoti iliyokatwa kichwa. Moja ni la wasanii wagombanie. Jingine kata ukurasa mzima, uwe na jina la gazeti na tarehe pale juu, piga picha juani bila kivuli chako, halafu weka kwenye faili la plastiki. Stori za mtandaoni hifadhi ukurasa wote kama PDF, linki zinakufa, sisi tatu zimeshapotea hivyo. Redioni omba rekodi siku ile ile, wiki ikipita imefutwa.

Hivyo vipande nimeviambatanisha kwenye maombi ya tamasha, kwenye maombi ya ufadhili, na mwaka jana kwenye maombi ya viza za watu saba, nikaulizwa pale dirishani kama kweli hawa ni wanamuziki, nikatoa lile faili nikafungua ukurasa wa fundi viatu. Dada wa dirishani akausoma mpaka mwisho ndio akaomba pasipoti.